Kuku Kivulini, Dawa Juani

Jumatatu, 3 Machi
Madumu yangu yote ya mafuta ya alizeti yameisha kabla ya saa nne. Hapa Mkiwa hakuna mwenye mdomo kama wangu. Nikiita mara moja, basi la Mwanza linasimama lenyewe. Masanja, dereva anayeleta dawa za zahanati yetu, kanunua kuku tena. Matenga kayapanga ndani ya gari, kivulini. Kisanduku cha dawa za kukaa kwenye baridi kakifunga juu kwenye keria. Jua la kupasua mawe. Nikamwambia, "Wewe Msukuma, kuku wako wakubwa kuliko wagonjwa!" Kacheka. Tumecheka wote.

Alhamisi, 6 Machi
Neema, binti wa dada yangu, kajifungua zahanati. Dume, sura yangu tupu. Halafu damu. Nesi kamchoma sindano ya kuzuia damu. Haikushika. Nyingine. Kama maji. Tumemkimbiza mjini. Gari lilipokwama mchangani nililitoa peke yangu, wengine walikuwa wanagusa tu.

Ijumaa, 7 Machi
Wamemtoa kizazi. Bado hajitambui. Miaka ishirini na mbili.
Nesi kaniambia dawa ile haitaki joto. Ikishapigwa jua inakufa, na kwa macho huijui. Ililetwa Jumatatu. Na Masanja.
Nimenoa panga. Mimi niliyemkimbiza chui kwa kandambili, Masanja ni nini?

Jumapili, 9 Machi
Neema kafumbua macho. Kauliza mtoto yuko wapi.
Dada kaficha panga. Kasema nikifungwa nitamwongezea msiba. Hasira haijapoa hata kidogo.
Lakini Masanja ni Msukuma, mtani wa kabila langu. Mtani akikufanyia jambo mbele za watu, huna ruhusa ya kununa. Hapo hapo nitamnasa.

Jumatatu, 10 Machi
Kasimama kununua kuku, watu wamejaa. Nikafungua matenga yote. Kuku wakatawanyika mpaka kwenye lami. Nikapaza sauti, "Leo dawa inakaa ndani, Msukuma anapanda juu!" Kicheko. Alipokunja uso, mama wa vitunguu akamzomea, "Mtani hanuni, baba! Panda!"
Kapanda keria. Kisanduku nikakifunga mkanda kiti cha mbele. Usukani nikashika mimi, niliyeendesha matrela mpaka Kongo. Nikaenda taratibu makusudi, jua limwivishe vizuri.
Zahanati kashuka midomo imepasuka, bado anajichekesha. Nikamwambia habari za Neema. Kakaa chini pale pale kwenye vumbi, kalia.
Nilitaka alie. Kalia. Haikutosha.

Jumatatu, 17 Machi
Neema karudi nyumbani. Ananyonyesha. Haongei sana.
Masanja kasimama. Ndani hamna kuku. Kaniamkia shikamoo, sikuitikia. Nikapanda, nikakipakata kisanduku mpaka zahanati. Baridi ilinikata mapaja.
Niliporudi Mkiwa wenzangu wakanizunguka, wanataka hadithi ya safari. Nikawaambia sina.