Nani Mkubwa Nyumbani Kwetu

Alhamisi, Sumbawanga. Mwezi wa saba.

Baridi ya leo haina adabu. Nimefungua steshenari saa tatu badala ya saa mbili, nimevaa sweta mbili, na bado vidole vinagoma kwenye kibodi. Mteja wa kwanza amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nimekitazama kile cheti mpaka akaniuliza kama kina kosa. Hakina. Kosa liko nyumbani kwetu, mtaa wa Izia, na limekaa pale kwa zaidi ya nusu karne bila mtu kulishtukia.

Nisipoandika leo nitapasuka.

Mama yangu, Skolastika, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anasema anaona moshi mtupu, hata nje kukiwa na jua. Juzi alitia chumvi mara mbili kwenye maharage, tukala tukanyamaza. Sasa wiki ijayo madaktari wa macho wanakuja hapa mjini, na wazee wenye kitambulisho cha matibabu watapasuliwa bure. Kitambulisho kinataka mtu awe ametimiza miaka sitini, na athibitishe kwa karatasi. Mama hana karatasi. Madaktari wakiondoka hatujui watarudi lini, na kwa biashara hii ya kopi na kupiga chapa barua za maombi ya kazi, siwezi kumlipia mahali pengine.

Nyumbani tupo wanawake watatu: mimi, Mama, na Mama Mkubwa Emerensiana. Mama zao walikuwa ndugu. Mama alizaliwa kule ziwani, Kirando, mama yake akafariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Babu, ambaye alikuwa mvuvi, akampandisha huku juu kwa shemeji yake ili alelewe. Alifika amekonda, ametoka kuugua surua, miguu haina nguvu. Hakuna aliyeuliza amezaliwa lini. Shemeji huyo, ambaye kwetu ndiye Bibi, alimsimamisha kando ya binti yake Emerensiana, akaona kichwa cha mgeni kinaishia begani, akasema basi, huyu ndiye mdogo. Ikawa hivyo.

Mama Mkubwa alibatizwa hapa hapa mjini, cheti chake nimekitoa kopi kwa mkono wangu, na kitambulisho alishapewa. Mama alipokwenda ofisi ya kata na kuulizwa umri, akajibu kwa ule uaminifu wake unaonikera: "Mimi ni mdogo wa huyu dada, kama miaka mitatu." Wakamwambia arudi baada ya miaka miwili.

Mama Mkubwa ndiye aliyenituma Kirando.

"Nenda kaangalie daftari la ubatizo," aliniambia. "Labda tumezidisha hiyo mitatu. Labda anakaribia. Mdogo wangu hatakuwa kipofu na mimi nipo."

Jumanne nikapanda basi. Nilitoka hapa nimevaa sweta, nikashuka Kirando nimeibeba mkononi, jasho linanitiririka, na harufu ya dagaa walioanikwa ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Parokiani nilimkuta karani, mzee mpole anayeongea taratibu. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akatoa daftari lenye jalada la ngozi, akalifuta vumbi kwa kiwiko. Nikamtajia mwaka wa kuanzia, ule wa miaka mitatu baada ya kuzaliwa kwa Mama Mkubwa. Tukapekua mwaka huo, hakuna. Uliofuata, hakuna. Tukapekua mpaka mwaka ambao Mama alikuwa ameshapandishwa huku juu, hakuna.

Mzee akavua miwani. "Mwaka huu umeupata wapi, mwanangu?"

Nikamwambia tumeuhesabu kutoka kwa dada yake.

"Na huyo dada mtu alikuwepo siku anazaliwa?"

Akalamba kidole, akaanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta jina la baba peke yake. Alirudi nyuma mpaka nikaanza kumwonea huruma. Kisha kidole kikasimama. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka: Skolastika, jina la babu, jina la bibi yangu ambaye sikumwona, siku aliyozaliwa, siku aliyobatizwa. Kati yake ni siku nne. Mama yake hakutaka kuchelewa.

Nikasoma tarehe mara tatu. Ya Mama Mkubwa naijua kwa kichwa.

Mama ametangulia miezi tisa.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nimejiahidi kwamba blogu hii sitaidanganya. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti ndani ya ofisi ya kanisa mpaka yule mzee akanitazama. Sikucheka kwa sababu Mama atatibiwa. Hilo lilinijia baadaye, na linaniuma kukiri. Nilicheka kwa sababu ya Mama Mkubwa.

Maisha yangu yote nimeishi na neno moja: "Mkubwa ameshasema." Mama Mkubwa ndiye anayeoga kwanza maji ya moto, ndiye anayekaa karibu na jiko, ndiye anayeamua shamba gani lilimwe maharage na lipi ulezi. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata nafasi ya chuo Mbeya, Mama alikubali, tena kwa furaha. Mama Mkubwa akasema Mbeya mbali, msichana atapotea. Mama akainamisha kichwa. Nikabaki hapa. Nilijifunza kompyuta kwa mtu mtaa wa pili, na ndiyo hiyo inayonilisha, lakini Mbeya sijaisahau.

Kwa hiyo jana, basi likipandisha kurudi huku juu, nilikuwa nafanya mazoezi. Nilipanga nitakavyoisoma ile nakala yenye muhuri wa parokia. Nilipanga nitakavyomwita "Mama Mdogo" mbele ya majirani, polepole, nikimtazama usoni. Mwanamke mzima, nina miaka thelathini na nne, nipo kwenye basi najichekea.

Nilifika jioni. Walikuwa wameuzunguka mkaa, wamejifunika vitenge, wanamenya viazi. Mama anamenya kwa kupapasa. Sikungoja hata kunywa chai. Nikasoma jina, nikasoma tarehe ya kuzaliwa, kisha nikasoma na ya Mama Mkubwa ili mtu asije akasema hakuelewa.

Kisu cha Mama Mkubwa kikasimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inatembea. Alipomaliza kuhesabu akaitazama mikono yake, halafu akamtazama Mama.

"Skola," akasema, "kumbe nilikuwa nambeba dada yangu?"

Hilo nilikuwa nalisikia tangu utotoni bila kulisikiliza. Miguu ya Mama ilichukua muda kupata nguvu. Emerensiana alimbeba mgongoni kwenda mtoni, shambani, kwenye mafundisho ya komunyo. Siku ya kuandikishwa shule walipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Eme aligusa, Skola hakugusa. Eme akagoma kuingia darasani, akaambulia fimbo nyumbani, akagoma tena, mpaka mwaka uliofuata walipoingia wote wawili. Nyama ikiwa ndogo alisema hana njaa, kwa sababu yeye mkubwa. Walipofiwa na Bibi, ni yeye aliyezuia machozi mpaka Mama alipomaliza kulia. Haya yote aliyafanya mtoto aliyekuwa mdogo kuliko yule anayemtunza, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba angeweza kuchoka.

Nilitamani kuirudisha ile karatasi kwenye mkoba.

Mama Mkubwa alianza kucheka. "Ndiyo maana mgongo huu hauponi!" Lakini Mama hakucheka. Viazi vilimdondoka, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, hata siku tunamzika baba.

"Kwa hiyo mimi sina mkubwa," alisema. "Wazee wote wamekwisha, nilikuwa nimebaki na wewe. Sasa nitamwamkia nani? Chaneni hiyo karatasi. Nitasubiri hiyo miaka miwili."

Nilimwambia miaka imeshatimia, hakuna cha kusubiri. Hakunisikia. Mama Mkubwa akasogeza kigoda, akamshika magoti, wakaanza kuongea Kifipa kwa haraka, kama wanavyofanya wakiwa hawataki niingilie. Nilisikia mwisho wake tu, maana Mama Mkubwa aliusema kwa Kiswahili na alinitazama mimi.

"Miaka chukua wewe ukatibiwe macho. Ukubwa niachie, nimeshauzoea."

Nikadhani yameisha. Nikaenda kulala na moyo mzito. Lile neno "Mama Mdogo" nililolifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi, nimelijaribu peke yangu chini ya blanketi. Halikutoka.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nawasha mkaa. Kila siku ya maisha yangu nimesikia Mama akipita mlangoni kwa mwenzake akisema shikamoo dada, na marahaba ikirudi hata kabla hajamaliza. Leo akasema, "Shikamoo dada."

Marahaba haikurudi.

Nikaacha kupepea. Mama akarudia, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha nikamsikia Mama Mkubwa, yule aliyejigamba jana mbele ya mkaa.

"Haitoki, Skola. Nimejaribu. Kinywa kinakataa. Nitamwitikiaje mtu aliyenitangulia?"

Alipojibu, sikuitambua sauti. Mama yangu hajawahi kumwamrisha mtu, hata kuku anawabembeleza.

"Karatasi inasema mkubwa ni mimi, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi mkubwa ameshasema. Itikia."

Maji yalianza kuunguruma kwenye sufuria.

"Marahaba," akaitikia Mama Mkubwa. "Marahaba, mdogo wangu."

Nililia mle jikoni na sikuwa na hata moshi wa kusingizia.

Steshenari ninafunga mapema leo. Nimeshatoa kopi tatu za cheti cha Mama na kuziweka kwenye bahasha. Kesho tunakwenda ofisi ya kata sote watatu. Mimi ndiye mtu wa kusahihisha fomu za watu katika mtaa huu, hakuna asiyenijua kwa hilo. Lakini yule afisa akitazama tarehe zao, kisha akamsikia aliyetangulia kuzaliwa akimwita mwenzake dada, akauliza kulikoni, sitafungua mdomo. Wakubwa wangu watajibu wenyewe.