Chumba Kilicho Chini ya Jicho

Bagamoyo, 6 Mei 2024

Kaka Kombo,

Shikamoo. Simu yangu umeifungia, basi karatasi hii inakuja Chalinze kwa mkono wa kondakta. Mimi mzima. Ndoa ina siku tisa, na bado namtazama Mahmoud wangu akilala kama mtu aliyeokota johari. Ila namtazama upande mmoja, maana wa pili umeuvunja.

Daktari alinionyesha picha. Kumbe mifupa ya uso haikujaa, kaka. Ina vyumba vitupu vya hewa: viwili mashavuni, viwili juu ya nyusi, vidogo vidogo kati ya macho, vingine ndani kabisa nyuma ya pua. Vyote vina vitundu vya kutokea puani. Dari ya chumba cha shavu ndiyo sakafu ya jicho, na ngumi yako imeipasua. Amekatazwa kupenga, hewa isije ikapanda jichoni.

Najua ulichelewa safarini, na ami akaniozesha mahali pako. Hasira hiyo nimalizie mimi.

Mdogo wako,
Raya

Chalinze, 9 Mei

Raya,

Salamu nimezipata. Baba alipokufa alikuacha mkononi mwangu, si mwa ami. Walii wako wa kukuozesha ni mimi, na ningefika kesho yake tu. Mwambie huyo johari wako shavu la pili bado lipo.

Kaka yako,
Kombo

Bagamoyo, 15 Mei

Kaka, shikamoo.

Jana alfajiri Mahmoud alitawadha, akasahau. Alipandisha maji puani, akayapenga kwa nguvu kama alivyozoea tangu utotoni. Jicho likavimba mbele yangu kama andazi kwenye mafuta. Nilipoligusa, ngozi ililia tatata chini ya kidole kwa hewa iliyopanda, naye akapiga ukelele nisioweza kuusahau. Daktari anasema litapona. Lakini nilikuombea mabaya mpaka jua likachomoza, wewe uliyenilea.

Mume wangu anasema uje Ijumaa, mkono wake ni mzima. Nakuomba usije. Nawapenda nyote wawili.

Raya wako

Chalinze, 20 Mei

Mdogo wangu Raya,

Hujambo? Shemeji jicho lake linaonaje?

Ijumaa nilipokuja ulijifungia chumbani, basi nikueleze. Nilisimama uani, mikono nyuma, nikamwambia, “Piga.” Akapiga. Gego la juu likang'oka, damu ikajaa kanzu yangu ya Ijumaa. Sikurudisha.

Leo nimekunywa chai hapa stendi, ikatokea puani, watu wakacheka. Daktari wa meno anasema mzizi wa gego ulisimama kwenye sakafu ya kile chumba chako cha shavu. Sasa pana tundu. Nami nimekatazwa kupenga.

Muulize shemeji, siku hizi anatawadhaje?

Kaka yenu,
Kombo