Matundu Manne Tumboni

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Nimelazwa. Figo ya kushoto imekufa, mawe yameimaliza. Daktari Quaye, binti mpole mwenye mwanya, anaitoa keshokutwa. Na hapasui! Anatoboa matundu manne, anaingiza kamera na vyuma vyembamba. Nikamuuliza moja tu: tarehe 26 nitaweza kupuliza tarumbeta? Siku hiyo unatimia mwaka mmoja tangu tumzike mke wangu, Bentsiwa. Nilimwahidi wimbo wetu wa dansi za Jumapili hapa Sekondi — mimi napuliza, yeye anaimba. Daktari akasema matundu yakitosha, labda, kidogo, nikiwa nimekaa. Damu ikitoka sana atanipasua, na hapo nisahau mpaka mwaka mpya.

Jumanne, 8 Oktoba

Asubuhi. Njaa. Wanasema watanijaza hewa tumboni wapate nafasi ya kufanyia kazi. Nimecheka! Miaka yote natoa hewa, leo natiwa.

Bentsiwa naye alitolewa figo, zamani, tukiwa vijana. Walimpasua kutoka ubavuni hadi karibu na kitovu. Miezi mizima nilimwogesha, nikampikia, nikamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakamhurumia. Jioni tunakaa barazani, ananifundisha maneno ya nyimbo, nami nayasahau makusudi ili arudie. Jamani, ile miezi! Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Wanakuja na kitanda cha magurudumu. Naogopa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nipo. Matundu yalitosha! Moja waliliongeza kidogo, figo ikavutwa nje ndani ya kifuko. Bega linaniuma kuliko tumbo — hewa iliyobaki, anasema nesi. Jana nilisimama. Bentsiwa wiki ya pili alikuwa bado anageuzwa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nyumbani. Balaa. Dada yangu Araba kaita ukoo mzima waje kuona mshono. Nikainua shati. Mjomba Egyir akavaa miwani, akainama. Ebo, akaniita kwa jina, wamekuchezea. Hata figo ya mbuzi haipiti hapo! Araba naye: nimepika sufuria ya mchuzi kwa ajili ya mgonjwa, sasa mgonjwa yuko wapi? Mchuzi na fufu, ugali wetu wa kutwanga, wakala wao. Nilicheka huku nimeshika tumbo.

Kumbe Araba hatanii. Kaondoka na tarumbeta langu. Kama figo bado imo, anasema, ukipuliza itapasuka, na sina nguvu ya kuzika tena.

Walipoondoka nyumba ikawa kubwa. Naoga mwenyewe, navaa mwenyewe. Ningependa kuumwa kidogo zaidi, mradi awepo Bentsiwa wa kunigeuza.

Jumanne, 22 Oktoba

Daktari kaniangalia. Wimbo mmoja, anasema, taratibu, umekaa — ukisikia maumivu, acha. Kamwonyesha Araba picha ya figo yangu kwenye sinia. Araba kaitazama weee, kisha kasema figo zote zinafanana. Tarumbeta hatoi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Chumbani. Uani watu wamejaa, nguo za matanga, nyeusi na nyeupe. Paa Kwesi anapiga ngoma polepole, ananisubiri. Katika bendi tumebaki mimi na yeye. Ndiye aliyelitoa tarumbeta uvunguni kwa Araba alfajiri, mwizi mzee!

Nimejaribu hapa kitandani, niwe na hakika kabla ya kutoka. Sauti ya kwanza imekwama. Nikapumzika. Ya pili imetoka — nyembamba, inatetemeka, lakini ni yenyewe. Nikaendelea mpaka katikati ya wimbo. Tumbo likavuta, nikaacha. Nimelia, na sioni haya.

Ngoma imenyamaza. Araba yuko nje ya mlango, namsikia anavyohema. Nangoja matusi. Hagombi. Anasema kwa sauti ndogo: kaka, rudia hapo. Hapo ndipo wifi alipokuwa anaanza kuimba —