Maji Machafu Chini ya Ukuta

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia usingizi, na mama ameacha kukufichia viatu ili usitoke. Mimi ni mzima, isipokuwa nimesimamishwa kazi. Usishtuke, nitaeleza.

Unaijua kazi yangu hapa bwawani. Kila asubuhi nashuka kwenye mfereji ulio chini ya ukuta na kukinga kwenye chupa maji yanayovuja. Ukuta wa udongo lazima uvuje kidogo. Yakitoka safi, hakuna neno; yakitoka na tope, ujue ukuta unaliwa kwa ndani.

Mvua ilipofika siku ya tisa bila kupumzika, chupa ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaipeleka mbio kwa mkuu wa kituo. Akaiweka dirishani, akasema tusiwe na papara, tuyape maji muda. Kufika saa sita tope lilikuwa limetuama chini, na yeye akaandika kitabuni kwamba maji ni safi. Nilimwambia mbele za watu kwamba hata maji ya dimbwi ukiyaacha yakae yatang'aa. Akaniuliza uhandisi nilisomea wapi. Nikamjibu sikusoma, ila macho ninayo.

Kibali cha kufungua milango ya bwawa ili kupunguza maji hakikuja, kwa sababu hakukiomba. Wiki ile ile alikuwa amewahakikishia wakubwa wake kwamba bwawa halina tatizo, na aliona haya kuyafuta maneno yake.

King'ora mlichokisikia mchana ule kililia saa nzima kabla ya maji kuja. Mama ameniambia ndicho kilichowatoa nyinyi na majirani wote mkapanda kilima cha shule. Namshukuru Mungu hakuna aliyepotea. Lakini shamba lako la mpunga, ulilolisawazisha kwa miaka kumi na minane, limebaki mawe na mchanga. Barua yako niliisoma nimesimama. Umeandika kwamba mpumbavu aliyefungua milango hutamsamehe mpaka unaingia kaburini.

Ni mimi, Baba. Nilipiga king'ora, kisha nikazungusha usukani wa milango kwa mikono yangu, nikijua maji yatapita wapi. Shamba lako ndilo lililonijia akilini kwanza. Nililia, lakini sikuacha kuzungusha. Maji yaliposhuka mafundi walikuta tundu ndani ya ukuta ambalo mtu angepita akitambaa. Ukuta ule ungevunjika, hata kilima cha shule kisingewatosha.

Sasa mkuu anataka nitie sahihi kwamba milango ilifunguka kwa hitilafu ya mitambo. Nikikubali, Jumatatu narudi kazini. Nimemrudishia karatasi yake kama ilivyokuja. Siombi radhi kwake wala kwako. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa hai.

Nisalimie mama, shangazi na wote waliojibana nao chumba kimoja tangu mafuriko. Jumamosi nakuja. Ukinifungia mlango, nitapita moja kwa moja shambani nianze kuondoa mawe, na sitaondoka mpaka utoke.

Ni mimi binti yako,
niliyefungua.