Kifusi cha Mama

Lizaboni, Songea
27 Oktoba 1996

Dada Severina,

Shikamoo. Habari za Nakapanya? Shemeji na watoto hawajambo? Mikorosho imechanua? Huku tunapumua, ila mimi nimechoka hadi kalamu naiona nzito.

Tangu serikali itupunguze kazini, mhandisi mzima nimebaki na kazi moja tu, nyumba ya mama. Ile ya zamani ukuta umepasuka, unapitisha mkono, kwa sababu udongo mweusi wa pale bondeni huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Basi nimechora msingi wa namna nyingine. Tumechimba mashimo marefu mpaka kwenye ardhi ngumu, tukayajaza nondo na zege, yakawa nguzo. Sakafu ya zege italala juu ya nguzo hizo bila kugusa udongo. Chini yake ibaki nafasi ya shubiri moja, udongo uvimbe upendavyo. Majirani walipoona mashimo walisema natafuta vito kama ninyi wa huko Tunduru. Mama nilimweleza yote kwa sahani juu ya vikombe, akaitikia.

Wiki iliyopita nilikwenda Makambako kufuata nondo za sakafu. Kurudi, nakuta akina mama wa jumuiya, Walburga akiwa mbele, wamebeba kifusi kwa ndoo, wamejaza msingi wote, wamemwagia maji na kushindilia kwa nyimbo. Nani asiyejua kwamba msingi hujazwa kifusi? Walikuwa wamenipikia na ugali. Nilikula, nikashukuru, moyo unaniuma. Mvua hiyo inakuja, na kifusi chote lazima kitoke, la sivyo udongo ukivimba utaisukuma sakafu ipasuke.

Jana nilimuuliza mama kwa upole kama alisahau vile vikombe. Dada, hakusahau. Aliwaita mwenyewe. Kumbe alikwishasikia kwamba nimepata kazi Botswana, jambo ambalo hata wewe nilikuwa sijakwambia.

“Nilikuelewa vizuri, mwanangu,” alisema. “Nyumba ikiisha, utaondoka.”

Na ni kweli. Nilitaka kukasirika, nikakosa hata nguvu za hasira.

Leo nimeanza kukichimbua kile kifusi. Mama naye amechukua ndoo, ananisaidia kukitoa. Njoo, dada. Njoo kabla hatujamaliza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Emiliani