Ndoo ya Maji ya Mama Nestori

Kibondo, Ijumaa baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya moto, au umeanza uvivu? Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo imechafuka, na nisipokueleza wewe nitamweleza nani.

Ni shemeji Salumu, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye hapa wanamwita Haji, huyu aliyenipa chumba na kazi kwenye banda lake la samaki. Migebuka inaletwa ikiwa kwenye barafu kutoka Kigoma, sisi wanawake tunaipasua, tunaiosha, tunaibanika. Wewe ulinifundisha kutoa utumbo na kupangusa damu kwenye ubao mkavu kwanza, ndipo samaki aingie beseni la kwanza, kisha la pili, basi. Hapa mpira wa maji unamwaga kutwa, hata tukiwa tunakula. Nikiufunga, anaufungua.

"Mteja akisikia maji yanatiririka anajua samaki ni safi," anasema. "Na kisima nimechimba mwenyewe. Wewe yanakuuma nini, shemeji?"

Yananiuma, mama. Damu na utumbo vinateremka bondeni mpaka kwenye chemchemi wanakochota watu. Na mtu huyuhuyu akitawadha anatumia kibirika kimoja, tena kinabaki. Msikitini akiona mtu amefungulia bomba sana, anamkemea kuwa israfu ni dhambi.

Juzi akaja Mama Nestori, Mkristo mmoja jirani yetu wa bondeni, analima maharage. Akaitua ndoo yake mbele ya banda, wateja wamejaa.

"Yewe Haji, adhuhuri imekaribia. Nimekuletea maji ya kutawadhia."

Shemeji akainama, akanusa, akarudi nyuma. "Haya hayafai. Yamebadilika harufu."

"Hata kuoshea miguu yako?"

"Hayafai, mama. Dini haikubali."

"Haya. Wanangu wameyanywa asubuhi."

Akageuka akaenda zake, ndoo kaiacha palepale. Hakuna aliyecheka. Shemeji akaniambia kwa sauti ndogo, "Funga mpira." Nikasema moyoni, Mungu amemgusa.

Kumbe iliyomgusa ni aibu tu. Jana kaufungua tena, eti wateja wanauliza kama maji yamekatika.

Basi mama, leo nimeuchomoa nikaja nao chumbani. Nimemwambia samaki nitawaosha kwa beseni, na mpira atauona siku likichimbwa shimo la maji machafu nyuma ya banda. Amesema kesho nichague, niurudishe au nitoke na furushi langu. Mimi si mwizi, mpira wake atauchukua. Ila mkono wangu hautaufungulia tena maji yale, naye nimeshamwambia.

Kwa hiyo nitandikie kile kitanda cha ukumbini.

Nisalimie mjomba anayeadhini, wifi muuza vitumbua, na bibi wa nyumba ya pili aliyenifunza Kurani. Aniombee dua, asiniulize sababu.

Mwanao Zubeda, ninayekuandikia nikiwa nimeukalia mpira wa watu.