Chaki Thelathini

Zuhura mjukuu wangu,

Hapa Gisozi sote wazima, na babu yako keshapona mafua.

Unauliza kama ujitoe kwenye ule mradi wa kujitolea, kwa kuwa msimamizi wenu amekurudishia programu yako ya kompyuta ikiwa na masahihisho thelathini. Nilipokuwa najifunza ushonaji, Fundi Saidi, aliyenifundisha, alichora chaki kila penye kosa, hadi shati langu la kwanza la buluu likawa jeupe. Nililia. La mwenzangu hakuligusa. Alilikunja tu, akamwambia asante. Mwezi ule ule mwenzangu aliambiwa abaki nyumbani. Mimi nikapewa nguo ya bibi harusi niishone.

Nimewatangazia mafundi wote hapa dukani: mjukuu wangu kachorwa chaki thelathini!

Bibi yako